Hodi ya Stoo

Sheria inataka kila mtazama nyota aishi nyumba moja na mtafiti wa uhai wa huko angani, na hakuna anayetangaza ugunduzi bila alama ya kidole gumba cha mwenzake. Ndiyo maana natumia jiko moja na Chediel.

Mimi nilileta vipimo vya hewa ya sayari niliyoiona kwa darubini yangu. Yeye akaitengeneza hewa hiyo ndani ya chupa kubwa, akatia maji na udongo usio na mdudu hata mmoja, akaiweka stoo karibu na gunia langu la mchele. Kikizaliwa kitu humo, basi hata kule kinaweza kuzaliwa.

Kila asubuhi namuuliza.

“Hakuna kitu, dada Mwantumu. Matope tu.”

Lakini siku hizi, kabla ya kufungua stoo, anapiga hodi.

“Chediel, unampigia nani hodi?”

“Mazoea tu.”

“Mazoea gani? Jikoni kwangu unaingia kama upepo.”

Akacheka, akaendelea kumenya vitunguu bila kunitazama.

Ananificha jambo huyu. Atahamia kwa mtazama nyota mwingine watangaze wao, mimi nibaki na sayari ya matope. Kwa hiyo leo, alipotoka kununua nyanya, nikaenda stoo. Nyumba ni yangu pia. Sikuwa na sababu ya kubisha hodi.

Nikashika kitasa. Nikajisikia nikisema, taratibu, “Hodi.”

Chediel alirudi akanikuta bado nimesimama mlangoni. Hakuuliza nafanya nini pale. Aliuliza tu kama nimeshakaribishwa.