Mteja Asiyetajwa

“Umemuuzia nani?” Aurelia aliuliza kwa mara ya tatu, na safari hii alikuwa ameshika mwiko.

“Mteja,” alisema Makarius, mumewe.

“Mteja ana jina!”

“Aliniapisha nisimtaje.”

Meza ya chakula ilikuwa imejaa betri kuukuu za laptopu, zile zinazokuja na mitumba kutoka Dar. Walizipasua maganda, wakatoa vibetri vya ndani vyenye unene wa kidole gumba, wakavipima kimoja kimoja. Kinachokaa na chaji kiliungwa na wenzake, fungu likauzwa kwa mtu wa kuwasha taa au redio. Kinachopata joto wakati wa kuchaji, Aurelia alikipaka rangi nyekundu ya kucha na kukitupa kwenye kopo.

Leo kopo lilipungua kimoja.

“Nilikosa kimoja tu kujaza fungu,” Makarius alijitetea. “Vingine vyote vizima. Nikasema wenzake watakisaidia.”

“Hii siyo kwaya, Makarius, kwamba mwenye sauti mbovu anafunikwa na wenzake! Kile kitachemka, kitawaka, mtu ataungua na nyumba yake.”

“Umeme umekatika mji mzima. Kitachajiwa na nini?”

“Na ukirudi?”

Makarius akakuna shingo.

“Basi nenda ukakichukue kimya kimya,” alisema Aurelia.

“Siwezi. Asubuhi nimepita mara mbili, mwenye nyumba kakaa barazani.”

Aurelia hakubishana zaidi. Alitoka na mwiko wake mkononi, na baada ya muda mfupi akarudi na Mzee Hironimus wa mtaa wa pili, mshenga wao. Ndiye aliyepeleka posa yao, na tangu siku hiyo alijiona ana hisa katika kila ugomvi wa nyumba ile.

“Shikamoo, baba,” alisema Makarius. Akarudi nyuma mpaka akagonga meza.

“Marahaba. Kwanza chai. Kwangu leo jiko halijawashwa.”

“Baba, jambo hili ni la haraka,” alisema Aurelia.

“Jambo la haraka halijawahi kuniletea faida. Na sukari.”

Akaletewa. Akakoroga. Akapuliza. Akanywa. Aurelia akafungua kinywa, mshenga akainua kidole.

“Mume kwanza. Utaratibu.”

“Nyumba ya mtu itaungua!”

“Ya nani?”

“Si ndicho ninachouliza!”

“Basi siyo yako. Tulia. Makarius, kwa nini huyo mteja hataki kutajwa?”

Makarius aliangalia sakafu. “Mumewe hataki kabisa kusikia habari za betri hizi. Anasema ni takataka. Kwa hiyo mteja ameificha chini ya kitanda.”

“Kumbe ni mwanamke!” alisema Aurelia.

“Mteja ni mteja.”

“Na wewe kitanda chake umekijuaje?”

“Nilikwenda kumfungia, mke wangu. Chaja ina waya mfupi, na soketi iko nyuma ya kitanda.”

“Waya mfupi!” Mwiko ulipanda juu, ukabaki hapo ukisubiri amri.

Mzee Hironimus alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. Kesi hii ilikuwa imeanza kumpendeza. “Yaani kuna mwanamume hapa Lizaboni analalia betri ya siri na hana habari! Huyo mwacheni aungue makalio kidogo, atapata akili. Na huyo mkewe yuko nyumbani sasa?”

“Hayupo. Na sasa hivi hakuna mtu hapo kabisa. Ameiacha imechomekwa, umeme ukirudi ijichaji yenyewe.”

“Umesikia, baba?” Aurelia alisema. “Imechomekwa, na nyumba haina mtu! Mwambie amtaje, twende tukaitoe.”

Mshenga aliweka kikombe chini, akajifuta masharubu, akatoa hukumu polepole, kama alivyotoa zote.

“Uliapa, Makarius?”

“Niliapa.”

“Basi kiapo ni kiapo. Fundi anayetaja wateja wake leo, kesho anakosa wateja. Ukimtaja, kesho huyo mume atakuja hapa na panga. Usimtaje. Na wewe, mwanangu, usimuulize tena. Ndoa yenu nimeitolea jasho mimi, sitaki ivunjike kwa ajili ya mjinga asiyejua kilicho chini ya kitanda chake.”

“Lakini, baba—” alianza Makarius.

“Hata mimi usinitajie.”

“Hata kama—”

“Hata kama ni nani! Nimemaliza. Sukari imebaki?”

Balbu juu ya meza ikawaka.

Redio za mtaa mzima zikaanza kupayuka kwa pamoja. Mahali fulani watoto wakashangilia. Makarius aliitazama balbu, akamtazama mshenga, akaitazama balbu tena.

“Sitamtaja,” alisema.

Akainyakua ndoo ya mchanga wa kuzimia moto iliyokuwa nyuma ya mlango, akatoka mbio. Aurelia alimfuata, mwiko mkononi. Mzee Hironimus naye hakutaka kupitwa: alishika kofia kichwani, akajikokota nyuma yao akicheka na kukohoa, akiwaita majirani waje wamwone mwanamume anayechomwa na mkewe mwenyewe. Wengine wakaacha kazi zao, wakafuata.

Wakampita muuza mkaa, wakaipita mashine ya kusaga. Makarius hakumtaja mtu. Alikata kona, akaruka uzio wa Mzee Hironimus, akaingia mlango wa nyuma bila hodi, akanyoosha moja kwa moja chumbani.