Karatasi Ambayo Sisimizi Hawakuigusa

Sisimizi walijipanga kwenye kabati la mitihani kama watu wanaongoja zamu, na kila msafara uliishia mahali pamoja: pembe ya chini ya karatasi, upande wa kulia. Karatasi zilikuwa arobaini. Walizikalia zote isipokuwa moja, namba thelathini na moja.

Binti wa usafi aliliona hilo Jumatatu asubuhi. Kama kawaida alikuwa ameanza na vyoo, akamalizia na ofisi. Zile thelathini na tisa hazikumshangaza. Pembe zake alizijua: nyekundu kidogo, zimejikunja, zinanata.

Aliyezifanya hivyo ni Profesa. Hakuwa profesa, wanafunzi wa chuo kile cha Kiingereza walimbandika tu jina hilo, naye akalivaa kama koti. Alinyonya peremende nyekundu kutwa nzima, akiihamisha kutoka shavu hadi shavu. Kila alipotaka kufunua ukurasa alitumbukiza kidole gumba mdomoni, akakitoa kinang'aa, akafunua. Gumba, ukurasa. Gumba, ukurasa. Binti akisikia tu kidole kikichomoka mdomoni, anageuza uso.

Na pua alifutia kitambaa cha ubao. Wa kukifua kitambaa hicho ni nani? Ni yeye.

Hata vitenzi vyenyewe vilikuwa vimeingia mate. Akipiga deki nje ya darasa alimsikia akiwaimbisha, "Break, broke, broken! Shake, shook, shaken!" huku mstari wa mbele ukirudisha viti nyuma kukwepa manyunyu. Siku moja alieleza kwamba kuna jambo lililofanyika likaisha, na kuna lililofanyika lakini matokeo yake bado unayaona, na Kiingereza hakiyasemi kwa namna moja. Binti alielewa papo hapo. Kidole alikilamba juzi, hilo limepita. Lakini kabati amelichafua, na mpaka leo linanata.

Saa nne, binti akiwa bado anafuta ofisi na Profesa ameshazitoa karatasi mezani, Mama mwenye chuo aliingia na orodha ya alama. Mshindi wa mtihani wa vitenzi angesoma bure mwaka mzima. Nafasi ilikuwa moja tu, na mtihani ulikuwa wazi kwa yeyote. Ili kusiwe na upendeleo, kila mtu alichukua kijikaratasi cha namba kwenye kopo. Jina halikuandikwa popote. Profesa ndiye aliyesimamia peke yake Jumamosi ile, macho gazetini, peremende shavuni. Binti hakuwepo kazini siku hiyo. Aliomba ruhusa, akasema jino linamuuma.

"Mwalimu, huyu thelathini na moja umempa sifuri?" Mama aliuliza. "Sifuri kabisa? Hata *go* hajui?"

"Hajui lolote, Mama. Nimeisoma mwanzo hadi mwisho. Ya jana ameyapeleka kesho, ya kesho ameyarudisha juzi. Huyo hata mtihani wa salamu angefeli."

"Haya, basi nafasi tumpe anayeongoza, namba kumi na mbili. Hiyo ya sifuri ichanwe, isije ikatuaibisha."

Profesa aliisukuma karatasi kwa ncha ya kalamu mpaka ukingoni mwa meza. Hakuinua macho. Miaka miwili binti alikuwa amefanya kazi pale, na Profesa hakuwahi kumtazama usoni. Alikuwa akizungumza na ndoo.

"Wewe, ondoa hii. Ina harufu."

Binti aliichukua. Hakuzoea kusema mbele ya watu. Hata salamu aliitoa akiangalia viatu.

"Mama," alisema, "hajaifungua."

"Unasemaje?"

"Hii karatasi. Mwalimu hajaifungua."

Profesa alicheka, peremende ikagonga meno. "Makubwa! Ufagio nao umeanza kusahihisha."

"Ishike pembe yake, Mama. Halafu shika ya nyingine yoyote."

Mama aliigusa. Ilikuwa kavu, nyeupe, imenyooka. Kisha akashika ya kumi na mbili. Alipouvuta mkono, karatasi ilikuja nao, pamoja na sisimizi wawili. Alivitazama vidole vyake. Akamtazama Profesa, ambaye kwa mazoea alikuwa ameshatia gumba mdomoni ili afunue orodha.

"Mwalimu! Haya ni mate?"

"Mama, ni mazoea tu ya..."

"Na mimi hizi huzibeba nyumbani! Huzipitia nikila!" Aliupangusa mkono kwenye sketi mara tatu, kisha akaunusa, akaupangusa tena.

Halafu akaifungua ya thelathini na moja. Alisoma akiwa amesimama, midomo ikicheza kimya kimya. Ukurasa wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Profesa aliacha kunyonya.

"Vitenzi sitini," Mama alisema. "Sijaona kosa hata moja. Ya jana yako jana, ya leo yako leo. Kwa nini hukuisoma?"

"Nilishindwa kuishika, Mama. Kinyaa. Wewe mwenyewe inuse!"

Mama aliisogeza puani.

"Dawa ya choo," alisema taratibu. "Yote inanuka dawa ya choo. Ni ya nani hii?"

Binti aliweka ndoo chini. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti la kazi, akatoa kijikaratasi cha kwenye kopo, akakiweka mezani mbele ya Profesa.

"Ni harufu ya mikono yangu, Mwalimu," alisema, akimtazama usoni. "Lakini mimi hunawa."