Marahaba ya Bi Tatu

Mwanatumu alihudumia kompyuta za duka dogo la mikate la ng'ambo akiwa chumbani kwao Pangani. Wenye maduka madogo wa huko hawana muda wa salamu, kwa hiyo kila fundi wa mbali hutiwa kooni punje inayogeuza salamu kuwa swali la kazi. Punje haitoki mpaka mkataba uishe.

Asubuhi ya kwanza alimkuta mama yake, Bi Tatu, akipepeta mchele uani. Akainama kumwamkia.

"Tatizo ni nini?" likamtoka.

"Tatizo ni wewe!" Bi Tatu akafoka. "Hata shikamoo yangu umewauzia?"

Mwenye mikate alimsifu kwa uharaka wake. Mwanatumu mwenyewe hamu yake ilikuwa neno moja tu. Kila kulipokucha alilijaribu, na kila mara likatoka swali lile lile.

Hata siku moja akainama tena, machozi yakimlengalenga. "Tatizo ni nini?"

Bi Tatu akaweka ungo chini, akampapasa kichwa. "Marahaba, mwanangu."

Nyuma ya ukuta, kwa jirani, sauti nyingine ya msichana ikauliza, "Tatizo ni nini?"

Hakuna aliyeitikia.