Kovu la Kidole Gumba

Wakili wa wachapishaji aliniambia nifute kitabuni jina la aliyekuwa mume wangu, kazi yake na rangi ya gari lake, asije akatushtaki. Nikafuta vyote. Kovu nikaliacha, makusudi.

Siku ya kusoma kitabu changu katika maktaba ya mji wetu mdogo, Manitoba, Kanada, mume huyo wa zamani akaja. Nilikuwa namsubiri. Akaketi safu ya mbele na mama yake, kikombe cha kahawa mkononi.

"Haya, Lorna, tusomee hizo hadithi zako," akasema. Wawili watatu wakacheka.

Nikasoma: "Aliponiziba mdomo nisipige kelele, nilimuuma kidole gumba cha kushoto mpaka jino langu likavunjika. Yeye huwaambia watu kwamba aling'atwa na samaki, akivua kwenye tundu la barafu ziwani."

Vicheko vikakatika. Mji mzima ulishachoka kusimuliwa habari za yule samaki. Macho yote yakashuka kwenye kikombe, na kidole kilikuwa pale pale. Akahangaika kutafuta mfuko wa kukifichia, kahawa ikammwagikia mapajani.

Mama yake hakumpa hata leso. Alinitazama mimi.

"Rudia hapo, mwanangu," akasema. "Polepole."