Ndege ya Kusindikiza

Lori lilikuwa limeshaanza kuondoka, kitanda cha Ruzuna kikiyumba juu ya magunia, wakati kaka yake Khatibu alipompa mama yao ndege airushe. Yeye mwenyewe alikaa barazani na rimoti, mguu umefungwa plasta. Na kwao, dada hahami mji bila nduguye kumsindikiza hadi darajani.

"Kidude cha sponji," mama alisema. "Jana kiliangushwa na feni."

"Jana hakikuwa na mifupa, Mama."

Alikuwa amezipasua mbawa na kuzitia njukuti, kisha akazifunga kwa gundi. Ndege ilipozidi uzito, akaing'oa magurudumu.

"Njukuti umetoa wapi?"

"Kwenye ufagio wako."

"Mwana mlaanifu wewe!" Akairusha kwa hasira, ikapaa vizuri.

Ilielea juu ya vumbi, polepole kama wazo la mtu aliyesinzia. Kivuli chake kikapita juu ya kitanda. Ruzuna alitoa kichwa dirishani, akaiona, akacheka. Upepo wa mtoni ukazikunja mbawa, zisivunjike.

Mji ule, msindikizaji harudi mpaka msafiri amwambie arudi. Pale darajani Ruzuna alipaswa kupunga mkono, ndiyo ishara ya kurudi. Hakuupunga.

"Igeuze, baba," mama alisema. "Rimoti haifiki ng'ambo."

"Hajaniambia nirudi." Khatibu akaiacha ivuke mto.

Ruzuna alifika salama, akaolewa hukohuko. Mguu wa Khatibu ulipona, umepinda kidogo. Mama alinunua ufagio mwingine. Ndege hakuna aliyeiona ikianguka.