Maneno Mia ya Mama Wanoi

Siku ya kwanza Mama Wanoi alisema moto ni susuk. Siku ya nne alisema ni yaf, na alipoulizwa kuhusu susuk aliinamisha kichwa, kama mtu aliyetajiwa jambo la aibu.

Alois Sangi aliandika yaf kando ya susuk. Kalamu ilikuwa inateleza kwa jasho. Yaf lilikuwa neno la Wakandup, majirani wa chini ya mto, na lilikuwa la kumi na mbili la namna hiyo tangu asubuhi.

Kazi hii alijifundisha mwenyewe, kwa kitabu kimoja kikuukuu, alipokuwa karani wa ghala huko Wewak, mji wa pwani. Unachukua maneno mia moja ya kila siku, kama moto, jiwe, mbwa na mvua. Unayauliza tena kwa siku tofauti, kisha unayalinganisha na ya majirani. Yakifanana mengi, lugha hizo ni ndugu. Yasipofanana, lugha iko peke yake.

Alois alitamani sana Kiyimare kiwe peke yake. Kilikuwa lugha ya baba yake, Yosefu, aliyeondoka kijijini hapa akiwa kijana na kufia pwani. Ofisi ya elimu ya mjini ilikubali kuchapa kitabu cha darasa la kwanza kwa kila lugha isiyo na ndugu mtoni. Yenye ndugu ingetumia kitabu cha ndugu yake. Mpaka uliwekwa kwenye maneno ishirini na tano yanayofanana; yakizidi hapo, lugha ina ndugu. Boti ya ofisi ingechukua orodha Ijumaa na isingerudi tena. Vijana wa kijiji walikijua Kiyimare nusunusu. Aliyekijua chote alikuwa Mama Wanoi.

Siku ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mama alikaa mbele yake, akimwita mwanangu na kucheka matamshi yake ya pwani. Katika maneno mia, tisa tu yalifanana na ya Kikandup. Alois hakupenda kupokea kitu bure, hivyo jioni alipasua kuni akampelekea. Siku ya pili alimletea kuni nyingine, akaziba na paa lililokuwa likivuja. Siku ya tatu alivua samaki, akamkabidhi Roswita, binti wa mwisho wa mama huyo, awabanike.

Wanawake waliokuwa wakiosha unga wa sago walimtania kila alipopita na mzigo. Mmoja alitaka kujua kama mgongo wa mjini haujavunjika bado. Mwingine akamkatiza.

"Mwacheni. Anajua anachokifanya."

Alois alitabasamu tu. Alishazoea kuchekwa kwa ajili ya daftari lake.

Sasa, siku ya nne, Mama Wanoi alikuwa amegeukia ukuta. Hakumwita mwanangu tena, hakumwita chochote. Majibu yake yalipitia kwa Bonifas, mwanawe mkubwa, hata yale ya neno moja. Jiwe likawa la Kikandup. Mbwa akawa wa Kikandup. Kila mara mama alisita kidogo, kama anayepapasa kitu mvunguni.

Alois alimvuta Bonifas nje, akamwuliza kama mama anaumwa. Bonifas akasema yuko mzima.

"Mbona leo anasahau?"

"Wewe andika anavyosema," Bonifas alijibu. "Ndiyo heshima."

Kesho yake, Alhamisi, Alois hakuweza kukaa. Alitembea mpaka mtoni, akarudi, akahesabu upya, akaenda tena. Aliuliza neno la mvua na neno la mfupa. Yote mawili yalikuwa yamegeuka. Jumla ilikuwa ishirini na saba. Aliuliza tena siku hiyohiyo, jambo ambalo kitabu chake kilikataza, na bado ilikuwa ishirini na saba.

Ijumaa boti ilipopiga honi alikuwa amesimama ufukoni na orodha mbili mkononi. Angeweza kutoa ile ya siku ya kwanza, na mjini hakuna ambaye angejua. Lakini alijiwekea sheria moja: msemaji akijisahihisha, neno lake la mwisho ndilo linaloandikwa. Lugha haikuwa yake aichagulie ndugu. Aliweka orodha ya pili ndani ya bahasha, akaandika chini yake kwamba Kiyimare ni ndugu wa Kikandup, akaikabidhi. Ile ya kwanza aliichana, asije akashawishika baadaye, akaitupa majini.

Boti ilipopotea kwenye kona ya mto, Bonifas alikuja akachuchumaa pembeni yake, akampa popoo. Alois alimweleza taratibu kwamba kitabu hakitakuwepo, watoto watasomea cha Wakandup. Akaomba mama asilaumiwe. Uzee huchukua kumbukumbu za kila mtu.

Bonifas akatema mate mekundu majini.

"Mama hajasahau hata neno moja."

"Aliyabadilisha mwenyewe," Alois alisema.

"Angefanyaje? Moto ndilo jina la hapa kijijini la marehemu baba yako. Jiwe ni babu yako. Mbwa ni shangazi yako, yule mkali. Huku kwetu mama hatamki majina ya watu wa mkwe wake. Anaazima maneno ya Kikandup mpaka afe. Na ukoo wenu ni mkubwa."

Alois aliacha kutafuna.

"Mkwe wake nani?"

Bonifas aliinuka, akajipangusa matope magotini, akamnyooshea mkono amwinue.

"Kuni, paa, samaki: hapa hiyo ndiyo posa. Roswita amehamia kwako tangu asubuhi, shemeji. Twende, chakula kinapoa."