Kitambaa cha Nabintu

Mkaguzi wa kazi alipofika shambani, nyapara Kibwaga alikuwa ameshawanyang'anya wageni kamba zao. Wachumaji wa hapa hubeba kapu la chai kwa mikanda ya mabegani. Waliovuka mto wa mpakani kuja kutafuta kibarua hubeba kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Leo wote walivaa mikanda.

"Mkiulizwa, nyinyi ni wa hapa na mnalipwa kama sheria inavyotaka," nyapara alikuwa amewaonya. "Atakayebisha analala kwao leo."

Nabintu alishusha kitambaa chake mpaka kwenye nyusi, akaficha alama ambayo kamba ilikuwa imemchimba msimu baada ya msimu.

Mkaguzi, mama mtu mzima mwenye buti zilizojaa tope, alisimama mbele yake.

"Wewe ni wa hapa?"

Nyapara akakohoa nyuma ya Nabintu.

"Wa hapa."

"Kima cha chini cha mshahara unakipata?"

"Nakipata."

Mkanda ukamteleza begani, kapu likapinda. Hakuwa ameuzoea. Mkaguzi akamwekea sawa, kisha akakitazama kitambaa chake kwa muda.

"Sheria haiulizi mtu katoka wapi, mwanangu," alisema polepole. "Lakini mimi siwezi kukusemea."

Nyapara alisogea hadi kivuli chake kikamfunika Nabintu miguu. Katika mistari ya chai wenzake waliacha kuchuma, kila mmoja na kitambaa chake kimeshuka mpaka nyusini, wakimtazama.

Mkono wa Nabintu ulipanda, ukashika ukingo wa kitambaa.